Vijamanda Viwili vya Fungate

Mama yangu alipoiona bento yangu ya kwanza aliuliza, "Hiki chakula cha nani, cha paka?"

Nikamwambia ni changu. Akakitazama tena: matonge ya wali niliyoyaviringa kwa kiganja, kipande cha nguru wa kukaanga, yai la kukunja, karoti nilizozikata maua, na achari ya embe kidogo kwenye pembe yake. Akasema, "Basi ukimaliza kucheza njoo jikoni ule." Akaenda zake, na kunicheka alinichekea hukohuko jikoni, namsikia.

Kazi yangu ni kubuni. Nabuni kadi za harusi, menyu za mikahawa ya ufuoni, karatasi za kufungia halua, mabango ya maduka ya simu, na safari moja nilibuni kibandiko cha dawa ya kunguni. Hapa Malindi huniita fundi wa kadi, nami sikatai, maana kadi ndizo zinazonilipia umeme. Mtu wa kazi hii ana maradhi yake: hawezi kuona vitu vimewekwa ovyo akanyamaza. Naingia dukani natamani kuipanga mikebe upya. Naketi msibani, Mungu anisamehe, naona turubai limekwenda upande na machozi yanakatika.

Sasa fikiria mtu kama huyo siku aliyoiona bento kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nangoja mteja aliyeniambia "nafika sasa hivi", na kila mtu wa hapa ajua maana ya maneno hayo, basi nikachezea simu. Akatokea kwenye video mama wa Kijapani anamfungia mumewe chakula cha kazini. Kisanduku chenyewe kidogo, na ndani yake kila kitu kina chumba chake: wali kwake, samaki kwake, mboga kwake, hakuna mchuzi unaomwingilia mwenzake. Na rangi zake! Nikasema, lo, huyu mama ananishinda kazi, na tena kazi yake yaliwa. Mteja alipofika nilikuwa nimesahau hata kumkasirikia.

Tangu siku hiyo, bento ikaniingia damuni. Taabu ya kwanza ilikuwa wali. Wali wetu wa nazi ukipikwa sawasawa kila punje hutengana na mwenziwe, na hiyo ndiyo sifa ya mpishi. Kwa bento ni balaa, kwa sababu wali wa Kijapani sharti ugandane. Ikabidi niupike vibaya kwa makusudi, na mama amesimama mlangoni anamtazama mwanawe aliyemlea kwa jasho anaharibu mchele mzuri wa biriani.

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia, mama, hiki si kitu kigeni, bibi yetu si alikuwa na kijaluba chake cha tambuu? Chokaa kwake, popoo kwake, tumbaku kwake. Nani alimcheka?

"Bibi yako hakula chakula cha mchana ndani ya kijaluba," akasema mama.

Kwetu kula peke yako ni jambo la kuulizwa. Sinia huwekwa katikati, watu wakalizunguka, bismillahi, mikono ikaingia. Anayejitenga na chakula chake ama ni mgonjwa ama ni mchoyo. Nami nilipoachika nikarudi kwa mama nilikuwa nimeshapewa jina moja na mji, sikuhitaji la pili. Lakini wapi! Kila mchana nilifunga kisanduku changu, nikakifungua mezani pangu mbele ya kompyuta, nikala polepole, chumba baada ya chumba, na roho yangu imetulia.

Mziki nao ni vivyo hivyo. Nyimbo zinazopendwa na kila mtu mimi huniingia sikio hili zikatokea lile. Nazipenda za ajabu. Kuna kundi moja la vijana, sijui hata waliko, wanaopiga vinanda vya watoto, kengele za baiskeli na mifereji ya plastiki, na wimbo wao mmoja una kuku wa kweli ndani yake, kila kikifika kibwagizo kuku anatetea. Ukiusikia mara moja utacheka. Ukiusikia mara ya kumi utajikuta unamngojea yule kuku kwa hamu. Jirani yetu alimwuliza mama kwa upole kama nimeanza kufuga.

Na kazi ya mkono, hiyo usiniambie kitu. Mtu anayeshinda mbele ya kompyuta mikono humwasha. Mimi huchonga mihuri kwenye soli za ndara zilizokatika, nikaichovya rangi nikachapa vitambaa: samaki, majani, birika. Halafu siku moja nilikwenda Marafa kupima bango la nyumba ya wageni, nikamkuta mama mmoja anasuka vikapu vya miyaa kibarazani kwake. Nikamwomba anisukie vijamanda viwili, vile vikapu vidogo vyenye vifuniko, lakini viwe vya mraba na ndani viwe na kuta.

"Mraba?" akasema. "Mwanangu, jamanda ni la duara."

"Langu mama, liwe la mraba."

"Na hizi kuta ni za nini? Unatenga vifaranga?"

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Nilipomwambia ni za kutenga chakula alipima kwa shubiri zake kwa adabu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mgonjwa wako ni nani?" Vijamanda alivyonisukia, nakuapia, ni vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kubuni mimi.

Ndivyo nilivyokuwa, na bento zangu na kuku wangu na mihuri yangu, mdogo wangu alipoolewa.

Kwa mama tuko wawili tu, mimi na yeye. Baba ametangulia mbele ya haki zamani. Mdogo wangu ni mpole, mwenye haya za kweli, si haya za kuonyesha watu. Alipata kijana mwema anayeuza vipuri vya pikipiki, mtu wa mji huuhuu, na mama wa kijana yule, yaani mavyaa wa mdogo wangu, ni mwanamke mrefu mwenye sauti, anayejulikana kwa pilau yake na kwa kutosahau neno. Kila mtu alitwambia, kwa huyo mama muingie kwa adabu.

Desturi yetu, bibi harusi akishapelekwa kwa mumewe, siku saba za fungate hapiki wala hafagii. Chakula hutoka kwa mama yake, kwenye sinia kubwa lililofunikwa kwa kawa, na maharusi hula pamoja. Tena huko kula pamoja ndiko kwenyewe. Watu wawili ambao juzi walikuwa wakisalimiana kwa mbali, leo mikono yao inakutana kwenye wali.

Mama alipika siku tatu za mwanzo mpaka mtaa mzima ukanukia. Siku ya nne goti lake likagoma. Akaketi kitandani, mguu juu ya mto, akasema, "Leo utapika wewe. Lakini mwanangu, pika chakula cha watu."

Mimi nilisikia "pika". Hayo mengine yalipita na upepo.

Mama wee, nilivyofurahi! Nilianza alfajiri, kuku wangu anatetea kwenye spika. Nikaviringa wali wa nazi, nikaubingirisha kwenye ufuta. Nikakaanga kamba. Nikafanya sambusa ndogo za kiasi cha kidole, viazi vya karai, mayai ya kukunja, tende nilizozitoa kokwa nikazitia lozi. Karoti maua, matango majani. Kila kitu chumbani mwake juu ya jani la mgomba, kijamanda kimoja cha bwana harusi, kimoja cha bibi harusi, sawasawa, hata idadi ya kamba. Kisha nikavifunga kwa vitambaa nilivyovichapa mwenyewe, kaa mwekundu mkubwa kwenye kila kimoja. Nikavipiga picha kutoka kila upande. Kusema kweli nililengwa na machozi, nikasema, hii ndiyo kazi yangu bora, na itaishia tumboni, na ni sawa.

Nikavipeleka mwenyewe. Mavyaa akavipokea mlangoni, akavipima uzito kwa mkono.

"Sinia liko wapi?"

"Leo hakuna sinia, mama. Leo ni mtindo wa Kijapani."

"Ahaa," akasema.

Ile "ahaa" mtu mwenye akili angeielewa. Mimi nilirudi nyumbani naimba.

Baada ya alasiri simu ya mama ikalia. Mama husikia vizuri akiweka sauti ya nje, kwa hivyo nilisikia yote, na nafikiri majirani pia. Kwanza wakasalimiana kwa urefu, hujambo, sijambo, goti laendeleaje, maana kwetu hata vita huanza kwa salamu. Halafu mavyaa akasema, "Mwenzangu, nina neno."

"Sema, dadangu."

"Leo maharusi wameletewa chakula cha kutengana. Cha huyu kwake, cha huyu kwake, na kuta katikati. Mimi nimezaa, nimelea, nimeoza, sijapata kuona fungate ya kugawana. Wanaogawana ni wanaoachana."

Mama akasema, "Subhanallah."

"Na vile vitambaa! Kaa wawili. Ukiviweka pamoja, huyu anakwenda huku, huyu anakwenda kule."

Hapo nikajishika kichwa. Ni kweli. Muhuri mmoja niliugeuza ili vitambaa vipendeze vikiwekwa sambamba. Ni mambo ya mpangilio tu! Nilikuwa nimepanga vizuri sana, hiyo ndiyo taabu.

"Na aliyevifanya ni nani," akaendelea mavyaa, na sauti ikashuka, "hali yake waijua mwenyewe. Simsemi. Lakini mwanamke aliyeachika kumpelekea bibi harusi chakula cha namna ile, watu watasema nini? Siku ya saba njooni nyote, nyumba ni yenu. Yeye asije."

Mama akaiweka simu kitandani. Akaniuliza, "Ulikuwa na nia gani?"

Kama angeniuliza akili yangu ilikuwa wapi, ningemjibu, pengine tungecheka. Lakini nia! Mama yangu aliyenizaa aniulize nia yangu kwa mdogo wangu! Niliumia. Nasema wazi, niliumia kuliko siku nilipopokea talaka, kwa sababu siku ile aliyeniumiza hakuwa mama yangu. Nikamjibu maneno ambayo si ya kumjibu mzazi, nikaingia chumbani nikabamiza mlango, mtu mzima na kadi zangu za harusi za watu.

Jioni vijamanda vikaletwa na bodaboda. Vimeoshwa, vimefutwa, vitupu. Na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa: chombo cha mwenzio hukirudishi kitupu, hata kama huna kitu utatia ndimu. Mama alivifungua vifuniko, akavifunga, akaviweka juu ya kabati.

Tena siku ya saba si siku ndogo. Ndiyo siku wanawake wa kwa bibi harusi huingia kumwona, kumtia manukato, kula naye, na nyumba mbili zikawa moja. Asiyefika siku hiyo ana jambo lake, na mji huliandika. Leo utafungiwa mlango wa fungate, kesho hutaitwa kwenye akika, kesho kutwa mtoto wa mdogo wako atapita mbele yako asijue wewe ni nani wake. Nina ndugu mmoja tu duniani. Na hata kumpigia simu sikuweza, kwa sababu mavyaa aliiweka simu ya mdogo wangu kabatini, ati bibi harusi ana shughuli gani na simu.

Siku mbili zilizofuata jikoni kwetu kulisikika kisu na ubao tu. Mama alipika kwa goti lile lile, mimi namkatia vitunguu, hatusemezani. Sinia likaenda, sinia likarudi. Nikirudi mezani pangu kazi hainiingii. Mteja mmoja alikuja kutazama kadi ya harusi ya mwanawe, nilikuwa nimeweka ua zuri katikati ya jina la bwana na jina la bibi, naye akasema, "Hawa mbona umewatenganisha?" Wallahi kidogo nimpige kwa kibodi.

Na bento? Sikufunga. Nilikula mkate mkavu nimesimama, kama mtu anayefukuzwa, nikaufungulia wimbo wangu wa kuku sauti ya mwisho ili mama asikie kwamba mimi sijali. Nilijali mpaka kifua kikaniuma.

Siku ya saba niliwasikia mama zangu wadogo na majirani wanakusanyika ukumbini, udi unafukizwa, vicheko, mabuibui yanapepetwa. Mimi nimejilaza. Mlango ukafunguliwa bila hodi, mama amesimama.

"Zima hao kuku wako. Vaa buibui."

"Nimekatazwa."

"Nilikuwapo alipokukataza. Mimi nimezaa wawili, siwezi kwenda kumwona mmoja na mwengine nimemwacha nyumbani na kuku. Vaa."

Hakusema kwamba ananiamini. Nilimsikiliza vizuri, hilo hakulisema. Lakini nikavaa.

Basi tukafika, kikundi kizima, sinia liko kichwani kwa mama mdogo mmoja. Mavyaa alikuwa mlangoni. Akawapokea, karibu, karibu, mpaka akaniona nyuma.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Akatazama juu ya kichwa changu. "Wengine karibuni," akasema.

Mama yangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kupandisha sauti mlangoni kwa mtu, akasema, "Tutaingia sote, ama hataingia mtu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mdogo aliye na sinia akaanza kuhemea puani. Nikamwambia mama taratibu, "Wacha nirudi, ingieni nyinyi," na nilimaanisha, maana nilikwisha kuona machoni kwa mavyaa kwamba mlango ule kwangu umefungwa, na sikutaka mdogo wangu aanze ndoa yake kwa ugomvi wangu.

Ndipo pazia likafunuliwa. Bibi harusi siku hiyo hatoki, huketi kitandani amejifunika, akangojea watu kwa haya. Wetu alitoka mbio, hina mpaka viwikoni, mtandio unaburura.

"Dada! Umevileta?"

"Nini?"

"Vijamanda! Tangu siku ile nangojea. Kila nikisikia hodi nasema ndivyo, naona sinia!"

Mavyaa akageuka. "Vile vya kutengana?"

Mdogo wangu akakumbuka haya zake. Akainamisha kichwa, akasokota ncha ya mtandio. Lakini tumbo halina haya, nalo likamsemea. "Mama," akamwambia mavyaa wake, sauti haitoki vizuri, "mimi nina njaa."

"Njaa! Masinia yote yale?"

Na pale mlangoni, mbele ya wanawake wa pande mbili, ikatoka yote. Kwamba kwenye sinia mkono wake haukwenda. Kwamba mumewe ni mwema lakini hula haraka kama mtu aliyeacha duka wazi, naye anaona haya kunyoosha mkono mbele ya mwanamume, anachukua tonge moja, la pili, akiulizwa anasema nimeshiba. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, anasikia kizunguzungu. Mpaka siku ya nne vikaja vijamanda. "Kile changu kilikuwa changu," akasema. "Nilikula chote. Jani nililiramba. Na yeye alipomaliza chake akaanza kuniomba changu! Akasema, nipe sambusa moja nikupe tende mbili. Nikamkatalia. Akacheka. Tukaanza kuuziana kama watu wa sokoni. Kabla ya hapo, mama, tulikuwa hatujazungumza maneno ya maana."

Nilimtazama mavyaa, uso wake haukunipa habari. Halafu akaegemea mwimo wa mlango, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia.

"Chicha," akasema.

"Nini, dadangu?" akauliza mama.

"Mimi nilikula chicha! Fungate yangu mimi! Mume kenda msikitini, nikaingia ghalani nikala chicha za nazi walizowawekea kuku. Siku tatu! Na mavyaa wangu kutwa anauliza, kuku hawa mbona wamekonda?"

Basi palikuwa hapasikilizani. Mama mdogo ilibidi alitue sinia chini ili acheke vizuri. Na mmoja akasema yeye aliokolewa na somo wake, yule kungwi aliyemfunda, aliyemfichia mahamri chini ya mto, na mwengine akasema yeye alizimia wakadhani ni mimba ya siku tano. Kumbe karibu kila mwanamke pale alikuwa na njaa yake aliyoificha, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti hasemi.

Mavyaa akajifuta macho kwa leso, akanigeukia. "Na wewe ungesema!"

"Nawe mama ungeniuliza!" nikamjibu, kabla sijajizuia.

Akamtazama mama yangu. "Ulimi wake ndio huu?"

"Ndio huo huo," akasema mama. "Nimehangaika nao."

"Marahaba," mavyaa akaniambia, kuitikia shikamoo yangu ya kitambo kile. "Ingia. Lakini wale kaa wako siwataki nyumbani kwangu."

Tukaingia. Tukatiwa manukato, tukaimba, tukaketi makundi makundi kuzunguka masinia. Mimi nikawa baina ya mdogo wangu na ukuta, mama ameketi mbele yangu. Mdogo wangu sasa anakula bila kungoja mtu, mashavu yamejaa. Akaniinamia sikioni.

"Dada, ulijuaje?"

Nilifungua kinywa nimwambie kweli, kwamba sikujua kitu. Nilikuwa nafikiria rangi, na karoti, na picha zitakavyotoka. Lakini maneno yakakwama, kwa sababu palepale mkono wangu u kwenye wali nilijua kwamba nilikuwa najua.

Nilikumbuka fungate yangu. Tonge la kwanza, la pili, nimeshiba. Mume wangu aliniamini, kwa nini asiniamini? Na neno hilo ukishalisema mara moja kulirudisha ni kazi. Nililisema fungate nzima, nikalisema mwezi uliofuata, nikalisema miaka yote ya ndoa ile, na si kwa chakula tu. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza, nami nikamwambia sihitaji kitu, mpaka siku moja hakuona tena sababu ya kuuliza. Halafu nikarudi kwa mama, nikaanza kujifungia kisanduku chenye vyumba, nikala polepole cha kwangu kilichonisubiri, na nikawaambia watu napenda mpangilio.

"Mimi pia nilikuwa na njaa," nikamwambia mdogo wangu.

Akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa hina. Lakini mama alikuwa amesikia. Mkono wake ulisimama juu ya sinia. Kisha akamega samaki pale tumboni penye mafuta, pale anapoachiwa mgeni, akasogeza upande wangu. Akamega tena, akasogeza. Tena. Wali wa upande wangu ukawa hauonekani.

"Mama, yatosha."

"Siku zile ukija kunitembelea umekonda," akasema, hanitazami, anatoa miiba kwa vidole, "nilikuuliza, ukaniambia umeshiba. Nikakuamini." Akaweka kipande kingine. "Leo ukisema umeshiba sitakuamini. Kula."